Kutoka Transfoma hadi Lebo ya Wati: Historia ya Uteuzi wa Pawasaplai kwa Kompyuta Zinazoundwa Nyumbani, 1975–2022

Utangulizi

Historia ya kompyuta ndogo imeandikwa zaidi kwa kufuata prosesa, kumbukumbu na programu. Kifaa kinachopokea umeme wa ukutani, kikaugeuza kutoka mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu na kuugawa kwa volti ambazo sehemu nyingine zinazihitaji, hakijapewa uzito unaolingana na kazi yake. Mafundi hukiita pawasaplai, na jina hilo ndilo linalotumika hapa. Upungufu huo una madhara katika uelewa wa historia, kwa sababu mtu anayeunda kompyuta yake mwenyewe hukutana na swali la umeme kabla ya maswali mengine mengi, na akikosea katika swali hilo hasara haiishii kwenye kifaa kimoja. Pawasaplai mbovu inapoharibika inaweza kuondoka na ubao mama, diski na kumbukumbu zote za kazi zilizohifadhiwa humo.

Insha hii inafuatilia jinsi swali la kuchagua pawasaplai lilivyobadilika tangu mwaka 1975 hadi 2022. Hoja inayotetewa ni kwamba idadi ya wati, ambayo leo ndiyo kigezo cha kwanza cha mnunuzi, ilizaliwa kama jumla ya mizigo kadhaa tofauti, na kwamba sehemu kubwa ya makosa ya wajenzi wa nyumbani yanatokana na kuisoma jumla hiyo kana kwamba ni kitu kimoja. Mfano unaochunguzwa kwa karibu ni ule wa kompyuta za jamii ya IBM na warithi wake, ambao vipimo vyao vilichapishwa na vinaweza kuhesabiwa upya.

Mjenzi kama mtengenezaji, 1975–1976

Jarida la Popular Electronics la Januari 1975 lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque kama vipande vya kuunganisha kwa bei isiyofikia dola 400. Machi 5 mwaka huohuo, wapenzi wa elektroniki walikutana kwa mara ya kwanza katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, mkutano uliozaa Homebrew Computer Club. Kwa watu hawa pawasaplai ilikuwa sehemu ya kuchomelea kwa risasi kama sehemu nyingine yoyote: transfoma nzito, dayodi za kunyoosha mkondo na kapasita kubwa za kutuliza mawimbi.

Muundo wa Altair unastahili kutazamwa kwa makini. Pawasaplai yake haikutoa volti 5 zilizotimilika. Ilipeleka takriban volti 8 zisizodhibitiwa kwenye njia kuu ya umeme, na kila kadi iliyochomekwa ilibeba kidhibiti volti chake cha kuzishusha hadi 5. Faida yake ni kwamba hitilafu ya kadi moja haikuyumbisha nyingine kwa urahisi. Gharama yake ilikuwa joto. Kidhibiti kinachoshusha volti 8 hadi 5 hupoteza tatu ya kila volti nane, yaani ufanisi wake hauwezi kuzidi asilimia 62.5, hata kabla ya kuhesabu hasara ya transfoma yenyewe. Mjenzi aliyeongeza kadi za kumbukumbu aliongeza pia majiko madogo ndani ya sanduku. Toleo la 8800b la mwaka 1976 lilikuja na pawasaplai kubwa zaidi, ishara kwamba makadirio ya awali yalikuwa yamezidiwa na wateja wenyewe.

Apple-1 ya mwaka 1976 ilikwenda mbali zaidi katika kumwachia mnunuzi mzigo huu. Kwa dola 666.66 alipata ubao uliokamilika, lakini transfoma, kibodi, sanduku na skrini vilikuwa juu yake. Hapa uteuzi wa pawasaplai ulikuwa uteuzi wa vipuri dukani, na aliyeufanya alilazimika kujua kila mkondo ulikwenda wapi. Elimu hiyo ndiyo iliyopotea baadaye, pale kifaa kilipofungwa ndani ya boksi la bati lenye onyo la kutofunguliwa.

Katika upande wa Afrika Mashariki kipindi hiki kina sura nyingine kabisa. Mwaka 1974, miezi michache kabla ya Altair kutangazwa, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya uzoefu usioridhisha wa kutumia kompyuta katika hesabu za serikali. Kwa hiyo kizazi cha wajenzi waliojifunza umeme wa kompyuta kwa kuuchomelea wenyewe hakikuwa na mwenzake Dar es Salaam. Kompyuta ndogo zilipofika zilifika zikiwa zimefungwa tayari, na fundi wa hapa aliijua pawasaplai kwanza kama kitu kilichoungua.

Rod Holt na mgogoro wa sifa

Apple II ya mwaka 1977 iliacha transfoma nzito. Steve Jobs alitaka kompyuta isiyo na feni, ndani ya sanduku la plastiki, na joto la mtindo wa zamani lisingeruhusu hivyo. Kazi ilipewa Rod Holt, mhandisi aliyetoka Atari, naye akabuni pawasaplai ya swichi. Katika mtindo huu umeme wa ukutani hunyooshwa kwanza ukiwa na volti zake za juu, kisha transista huuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde kabla haujapita kwenye transfoma. Transfoma inayofanya kazi kwa kasi hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, na kwa kuwa transista ama imewaka kabisa ama imezimika kabisa, nguvu inayogeuka joto hupungua sana. Holt alipata hataza ya Marekani namba 4,130,862 tarehe 19 Desemba 1978.

Katika wasifu wa Jobs ulioandikwa na Walter Isaacson na kuchapishwa mwaka 2011, Jobs anadai kwamba kazi ya Holt ilikuwa ya kimapinduzi na kwamba kompyuta zote zilizofuata ziliiga muundo huo. Dai hili limerudiwa mara nyingi. Ken Shirriff, mhandisi aliyezifungua na kuzichora pawasaplai za kipindi hicho, amelipinga kwa ushahidi wa sakiti zenyewe, na hoja zake ni nzito. Pawasaplai za swichi zilikuwapo katika vyombo vya anga na mitambo ya simu tangu miaka ya 1960. Robert Boschert alikuwa akizitengeneza California mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1976 Robert Mammano wa Silicon General alitoa SG1524, chipu moja iliyobeba udhibiti ambao hapo awali ulihitaji vipuri vingi. Kompyuta zilizoiga jamii ya IBM zilitegemea chipu za namna hiyo, hasa TL494, wakati Holt alitumia vipuri vilivyotengana.

Ushahidi unaegemea upande wa Shirriff. Jambo la kuzingatia, hata hivyo, ni kwamba mgogoro huu unahusu nani alibuni, ilhali kwa mjenzi wa nyumbani badiliko kubwa lilikuwa jingine. Pawasaplai ya transfoma iliweza kutengenezwa na mtu mwenye chuma cha kuchomelea na subira. Pawasaplai ya swichi huhifadhi zaidi ya volti 300 za mkondo mnyoofu katika kapasita zake inapotumia umeme wa volti 230, na kapasita hizo huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Kuanzia hapo mjenzi wa kawaida akawa mnunuzi. Ujuzi wa kutengeneza ulihamia viwandani, kwa kiasi kikubwa Taiwan na Hong Kong, na aliyebaki nyumbani akawa hana budi kuamini maandishi yaliyobandikwa ubavuni.

Hesabu ya wati 63.5

IBM ilizindua kompyuta yake ya namba 5150 tarehe 12 Agosti 1981 ikiwa na pawasaplai ya wati 63.5. Idadi hiyo yenye nusu inashangaza mpaka ifumuliwe. Njia ya volti 5 ilitoa ampea 7, yaani wati 35. Njia ya volti 12 ilitoa ampea 2, yaani wati 24. Volti hasi 12 zilitoa robo ya ampea, wati 3, na volti hasi 5 zilitoa ampea 0.3, wati 1.5. Jumla ni 63.5 kamili. Wati hizo kamwe hazikuwa hazina moja ambayo sehemu yoyote ingeweza kuchota. Zilikuwa visima vinne, na kisima cha volti 12 kilipokauka maji ya volti 5 hayakusaidia.

Jambo hilo lilijitokeza mara moja. Njia ya volti 12 ndiyo iliyozungusha mota za diski, na diski ngumu za wakati ule zilihitaji mkondo mkubwa hasa zinapoanza kuzunguka. Mmiliki wa 5150 aliyetaka kuongeza diski ngumu alikuta ampea zake 2 zinazozitumikia diski laini hazitoshi. IBM yenyewe ilikwepa tatizo kwa kuuza sanduku la nyongeza lenye pawasaplai yake. Wateja wengi walichagua njia rahisi zaidi: kung'oa pawasaplai ya awali na kuweka kubwa zaidi. Hapo soko la pawasaplai za kubadilishia lilipata mzizi wake, na ndipo neno wati lilipoanza kuzungumzwa na watu wasio wahandisi.

Kompyuta ya XT ya mwaka 1983, iliyokuja na diski ngumu ya megabaiti 10, ilipewa wati 130: ampea 15 kwa volti 5 na ampea 4.2 kwa volti 12. AT ya mwaka 1984 ilipewa wati 192, ampea 19.8 kwa volti 5 na 7.3 kwa volti 12. Ukigawanya utaona mwelekeo. Volti 12 zilibeba takriban asilimia 38 ya nguvu katika 5150, asilimia 39 katika XT na karibu asilimia 46 katika AT. Mwaka 1984 bado volti 5 zilitawala, kwa kuwa chipu zote zilizitegemea, lakini uzito ulikuwa umeanza kuhama.

IBM ilichapisha michoro na vipimo vya kompyuta zake, nao watengenezaji wengine wakaiga hadi matundu ya skurubu. Kwa mjenzi wa nyumbani huu ulikuwa ukombozi, maana pawasaplai ya kampuni yoyote iliingia katika sanduku la kampuni yoyote. Ulikuwa pia mwanzo wa udanganyifu. Pawasaplai ya IBM ilikuwa na waya wa taarifa ulioiambia kompyuta kwamba volti zimetulia na sasa inaweza kuanza kazi. Kuutengeneza vizuri kulihitaji sakiti ya kupima na kusubiri. Baadhi ya pawasaplai za bei ya chini ziliunganisha waya huo moja kwa moja na njia ya volti 5, hivyo kompyuta ikaambiwa mambo ni shwari kabla hayajawa shwari, na pengine ikaganda au kuanza kazi vibaya. Lebo yake iliandikwa wati zilezile.

Nyeusi kwa nyeusi

Kuna kipengele cha kipindi cha AT ambacho kila fundi wa umri fulani anakikumbuka. Umeme uliingia ubao mama kwa viunganishi viwili vinavyofanana, vyenye waya sita kila kimoja, na hapakuwa na kizuizi cha kutosha cha kuzuia visibadilishane nafasi. Aliyevichomeka kinyume aliweza kuunguza ubao kwa sekunde moja. Kanuni iliyopita mdomo kwa mdomo katika karakana za nchi nyingi ilikuwa kwamba waya nyeusi za viunganishi vyote viwili zikutane katikati: nyeusi kwa nyeusi. Hatari nyingine ilikuwa swichi ya mbele ya sanduku, ambayo katika kompyuta nyingi za aina hii ilikatiza umeme wa ukutani wenyewe, ukiletwa hadi pale kwa waya nene. Mjenzi aliyelegeza kazi hapo hakuhatarisha kompyuta peke yake.

Mpango wa ATX uliotolewa na Intel mwaka 1995 ulifuta mambo haya yote mawili. Kiunganishi kikawa kimoja chenye pini 20 zilizoumbwa ili kisiingie kinyume, na swichi ya mbele ikawa ya kutuma ishara tu. Njia ya volti 3.3 iliongezwa kwa ajili ya chipu mpya, pamoja na njia ndogo ya volti 5 inayobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa. Matokeo yake yanapaswa kutajwa kwa wale wanaofungua masanduku: kompyuta ya ATX iliyozimwa kwa kitufe cha mbele bado ina umeme ndani yake mpaka waya uchomolewe.

Swichi moja ya hatari ilibaki nyuma ya sanduku, ile ndogo nyekundu iliyochagua kati ya 115 na 230. Ikiwekwa 115, sakiti ya ndani huongeza volti maradufu ili kulipia udogo wa umeme wa Marekani. Kompyuta iliyotoka huko ikiwa na swichi katika nafasi hiyo, kisha ikachomekwa kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya, hupata ndani yake karibu maradufu ya kiwango kilichokusudiwa. Fyuzi hukatika ikiwa mmiliki ana bahati. Kapasita hupasuka kwa mlio ikiwa hana. Pawasaplai za baadaye zinazojirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240 ziliiondoa swichi hiyo. Sehemu ya msukumo ilitoka Ulaya, ambako kuanzia Januari 2001 kanuni za mawimbi ya umeme zililazimisha vifaa vya zaidi ya wati 75 kuwa na urekebishaji wa namna vinavyovuta mkondo, na sakiti inayofanya kazi hiyo kwa njia amilifu humudu volti zote hizo bila swichi.

Kuhama kwa mzigo kwenda volti 12

Mwaka 2000, pamoja na Pentium 4, Intel ilitoa mpango wa ATX12V ulioongeza kiunganishi cha pini nne kwa ajili ya prosesa peke yake. Sababu yake ni hesabu ya shule. Prosesa inayohitaji wati 60 itavuta ampea 12 ikilishwa kwa volti 5, lakini ampea 5 tu ikilishwa kwa volti 12. Na kwa kuwa joto linalopotea katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, tofauti hiyo hupunguza hasara ya waya uleule kwa takriban mara sita. Toleo la 2.0 la Februari 2003 lilikamilisha uhamisho huo: kiunganishi kikuu kikawa cha pini 24, volti hasi 5 zikaondolewa, na sehemu kubwa ya uwezo ikawekwa katika volti 12.

Kipindi hiki cha mpito, kati ya 2000 na takriban 2005, ndicho kilichowaadhibu wajenzi wa nyumbani kuliko kingine, na ndicho kinachothibitisha hoja ya insha hii kwa uwazi zaidi. Madukani kulikuwa na pawasaplai za wati 300 au 350 zilizobuniwa kwa ajili ya kompyuta za volti 5. Fikiria moja inayotoa ampea 10 tu kwa volti 12: ni wati 120. Prosesa ya wati 80, diski mbili na feni zilitosha kuifikisha ukingoni, huku wati zaidi ya 150 za volti 5 na 3.3 zikikaa bila kazi. Mnunuzi alikuwa na lebo ya wati 300, mahitaji ya wati 200 na kompyuta inayojizima. Hakudanganywa na lebo kwa maana ya kawaida. Jumla ilikuwa sahihi. Wapo pia waliodanganywa kweli, pale watengenezaji walipoandika kilele cha muda mfupi mahali pa uwezo wa kudumu.

Kwa kukosa namna ya kupima, mafundi walibuni vipimo vyao. Kilichoenea zaidi ni uzito: pawasaplai nzito ni nzuri. Wasomi wa uhandisi wamezoea kukicheka kipimo hiki, pengine kwa haraka. Kilikuwa na mantiki ya kweli, kwa kuwa kilichoachwa katika kifaa cha bei ya chini ni vitu vyenye uzito hasa: transfoma ya kutosha, koili za kuchuja, mabati ya kupoozea, kapasita kubwa. Lakini maendeleo ya ufanisi yalikipunguzia nguvu, maana kifaa kinachotoa joto kidogo hakihitaji mabati makubwa. Miaka hiyohiyo ilikumbwa na tatizo la kapasita duni zilizovimba na kuvuja kabla ya wakati, katika ubao mama na katika pawasaplai pia, na hakuna mizani iliyoweza kugundua hilo.

Beji ya ufanisi na mipaka yake

Mpango wa 80 PLUS ulianzishwa Marekani mwaka 2004 kwa lengo la kuokoa nishati. Sharti lake la kwanza lilikuwa ufanisi wa angalau asilimia 80 katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Umuhimu wake unaonekana kwa hesabu: kompyuta inayotumia wati 300 itavuta wati 375 ukutani ikiwa ufanisi ni asilimia 80, lakini itavuta takriban wati 460 ikiwa ufanisi ni asilimia 65. Tofauti yote hugeuka joto ndani ya chumba cha mtumiaji. Kuanzia 2008 ngazi za shaba, fedha na dhahabu ziliongezwa, na baadaye platini na titani.

Beji hii ilibuniwa kwa ajili ya makampuni ya umeme na wanunuzi wakubwa, ila wajenzi wa nyumbani waliichukua na kuifanya cheti cha ubora wa jumla. Hapo ndipo kosa la zamani lilipojirudia kwa sura mpya. Beji haipimi utulivu wa volti, wala mawimbi madogo yanayobaki juu ya mkondo mnyoofu, ambayo mwongozo wa Intel unayawekea kikomo cha milivolti 120 katika njia ya volti 12 na milivolti 50 katika volti 5 na 3.3. Haipimi kama kinga dhidi ya shoti inafanya kazi. Majaribio yake ya kawaida hufanywa kwa umeme wa volti 115 na joto la chumba la nyuzi 23. Jambo la kwanza ni habari njema kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu pawasaplai hiyohiyo kwa kawaida hupata ufanisi zaidi ikitumia volti 230. La pili si njema: chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndani ya sanduku kunazidi hapo, ilhali maisha ya kapasita hupungua haraka kadiri joto linavyopanda.

Kutokana na beji hiyo ilienea pia imani kwamba mjenzi anunue pawasaplai yenye wati maradufu ya mahitaji, ili ifanye kazi katika nusu ya uwezo wake ambako ufanisi ni wa juu. Takwimu za mpango wenyewe haziiungi mkono sana. Ngazi ya dhahabu hudai asilimia 87 katika mzigo wa asilimia 20, asilimia 90 katika nusu na asilimia 87 katika mzigo kamili. Tofauti ya pointi tatu haiwezi kuhalalisha gharama ya kifaa cha wati 1000 kwa kompyuta ya wati 300. Akiba ya uwezo ina sababu nyingine halali, kama joto, kelele ya feni na nafasi ya kuongeza vifaa, lakini hizo ni hoja tofauti na zipimwe kwa uzito wake.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanunuzi wachache hukiuliza, nacho ni muda ambao pawasaplai huendelea kutoa umeme baada ya ule wa ukutani kukatika. Miongozo ya ATX ilitaka takriban milisekunde 17. Idadi hiyo inakaribia sana mzunguko mmoja wa umeme wa Marekani wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Katika mfumo wa mizunguko 50, ambao ndio wa Afrika Mashariki na Ulaya, mzunguko mmoja una milisekunde 20. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na UPS huchukua milisekunde kadhaa kabla ya kushika kazi, kapasita iliyopunguzwa ili kuokoa gharama ndiyo inayoamua kama kompyuta itaendelea au itazima na kazi isiyohifadhiwa.

Kadi za michoro na mwisho wa volti ndogo

Tangu 2004 kadi za michoro zimekuwa mtumiaji mkuu wa volti 12. Nafasi ya ubao mama huweza kuipa kadi hadi wati 75; kiunganishi cha pini sita kikaongeza 75 nyingine, na cha pini nane 150. Swali la mjenzi likawa ni viunganishi vingapi vipo na kama vinatoka katika waya tofauti. Mwaka 2022 kiunganishi kipya kiliruhusiwa kupitisha hadi wati 600, yaani ampea 50, kupitia pini sita za umeme: zaidi ya ampea 8 kwa kila pini. Kadi zilizokitumia kwa nguvu kubwa zilitoka Oktoba 2022, na baada ya muda mfupi picha za viunganishi vilivyoyeyuka zikaenea. Nvidia ilisema kwamba chanzo kikuu ni waya zisizosukumwa hadi mwisho. Marekebisho ya mwaka 2023 yalifupisha pini za taarifa ili kadi isivute nguvu kamili kabla kiunganishi hakijaingia sawasawa, hatua inayoonyesha kwamba ubunifu wa awali ulimwachia mjenzi nafasi ndogo mno ya kukosea.

Mwongozo wa ATX 3.0 wa mwaka 2022 uliongeza sharti lililovunja maana ya kawaida ya lebo. Pawasaplai za daraja la juu zilitakiwa kuvumilia mzigo wa mara mbili ya kiwango chao kwa maikrosekunde 100, kwa sababu kadi mpya huruka ghafla kutoka mzigo mdogo hadi mkubwa. Kompyuta ambayo wastani wake ni wati 450 ingeweza kuzima pawasaplai ya wati 750 iliyo nzima kabisa, ikiwa kinga yake ilitafsiri mruko huo kama shoti.

Wakati huohuo Intel ilikuwa imependekeza, katika mpango wa ATX12VO, pawasaplai inayotoa volti 12 peke yake kupitia kiunganishi cha pini 10, huku volti 5 na 3.3 zikitengenezwa kwenye ubao mama. Kwa hesabu ya visima, hapo lebo ya wati ingekuwa kwa mara ya kwanza idadi ya kisima kimoja. Kwa muundo, ni kurudi karibu na Altair ya 1975, ambayo kila kadi yake ilijidhibitia volti, isipokuwa vidhibiti vya leo ni vya swichi na hasara yake ya joto ni ndogo. Watengenezaji wa kompyuta zilizofungwa tayari, ambao wanabanwa na kanuni za nishati za jimbo la California, walianza kuupokea mpango huo. Katika soko la wajenzi wa nyumbani kiunganishi cha pini 24 cha mwaka 2003 bado ndicho kilichotawala, pamoja na volti zake ndogo na lebo yenye safu nyingi za ampea ambazo mnunuzi hulazimika kuzisoma moja moja.